Maji na Utakatifu: Mto Ganga Kutoka Gaumukh Hadi Ghuba ya Bengali

Mheshimiwa Mwenyekiti, walimu wenzangu, wanafunzi wa jiografia na wa masomo ya dini, mabibi na mabwana,

Nimeombwa nizungumzie safari ya Mto Ganga kutoka milimani hadi baharini, na kwa kuwa safari hiyo ni ya kilomita zipatazo 2,500, naomba radhi mapema kwamba kuna miji mikubwa nitakayoipita bila kusimama. Nitasimama pale tu panapojitokeza jambo moja ambalo, kwa maoni yangu, linaueleza mto huu kuliko yote yanayoandikwa kuhusu uchafu wake au uzuri wake. Jambo lenyewe ni kwamba utakatifu wa Ganga na maji ya Ganga havifuati njia moja. Mara kadhaa kati ya Himalaya na Ghuba ya Bengali mto huu hukutana na mwenzake au hugawanyika, na karibu kila mara ibada hufuata mkondo mmoja huku sehemu kubwa ya maji ikifuata mwingine.

Nianze na hadithi, kwa sababu bila hadithi hatutaelewa kwa nini watu hufuata mkondo mdogo. Simulizi ya asili ya Ganga haianzii mlimani, inaanzia baharini. Mfalme Sagara alitaka kutoa kafara ya farasi, na farasi huyo akaibwa na kufichwa karibu na mahali alipokuwa akitafakari mtawa Kapila. Wana wa mfalme, ambao simulizi inasema walikuwa 60,000, walimtafuta farasi mpaka wakaichimbua ardhi, na walipomkuta wakamtuhumu mtawa kwa wizi. Kapila akafumbua macho, nao wakateketea wote wakawa majivu. Roho zao hazikuweza kupumzika mpaka majivu yale yaoshwe na maji ya Ganga, mungu wa kike ambaye wakati huo alikuwa mbinguni. Vizazi vikapita, hata akaja Bhagiratha, mmoja wa wajukuu wa ukoo ule, akaacha ufalme na kwenda kujitesa milimani kwa ibada hadi mungu huyo wa kike akakubali kushuka. Mungu Shiva akampokea kwenye nywele zake ili uzito wake usiipasue dunia, na Bhagiratha akatangulia mbele kwa miguu, Ganga akimfuata nyuma hadi penye yale majivu.

Naomba mzingatie kwamba katika hadithi hii kazi ya kwanza ya mto ni kuwahudumia wafu. Kilimo, usafiri na maji ya kunywa vimekuja baadaye. Ndiyo maana hadi leo familia ya Kihindu iliyochoma maiti ya mzazi wao hutamani kuyafikisha majivu kwenye maji haya, hata kama inaishi mbali nayo sana.

Sasa twende mlimani. Mahali panapoheshimiwa kuwa chanzo ni Gaumukh, yaani mdomo wa ng'ombe, karibu mita 4,000 juu ya usawa wa bahari katika jimbo la Uttarakhand. Maji hutoka chini ya ukuta wa barafu ya Gangotri yakiwa na rangi ya majivu, kwa sababu yamebeba unga wa miamba uliosagwa na barafu inapoteleza. Barafu hiyo, yenye urefu wa kilomita 30 hivi, imekuwa ikirudi nyuma kwa muda wote ambao watu wameipima, na hekalu la Gangotri liko mwendo wa kilomita 18 hivi chini ya chanzo. Hekalu hufungwa majira ya baridi, na sanamu ya mungu Ganga hubebwa kwa maandamano hadi kijiji cha Mukhba, kisha hurudishwa theluji inapoyeyuka.

Kijito kinachotoka Gaumukh hakiitwi Ganga bado. Kinaitwa Bhagirathi, kwa heshima ya yule mwanamfalme. Upande wa mashariki, kutoka kwenye barafu zilizo karibu na Badrinath, unashuka mto mwingine uitwao Alaknanda, ambao njiani hupokea mito minne kwenye makutano manne, na yote manne ni matakatifu. Makutano ya tano ni Devprayag. Hapo, chini ya mji uliojengwa kwenye mteremko mkali, Bhagirathi na Alaknanda hukutana, na kwa sehemu kubwa ya mwaka mtu anaweza kusimama kwenye ngazi za kuogea akaona mistari miwili ya maji yenye rangi tofauti ikienda sambamba kabla ya kuchanganyika. Kuanzia hapo ndipo mto unaitwa Ganga. Mpimaji wa mito akiulizwa ni upi kati ya hiyo miwili ulio mkuu, atajibu Alaknanda, kwa maana ndio wenye maji mengi zaidi. Muumini akiulizwa atajibu Bhagirathi, kwa maana ndiko alikopita Bhagiratha. Hili ndilo tukio la kwanza la jambo ninalolizungumzia.

Nikiwa bado mlimani, siwezi kuliacha Bwawa la Tehri. Ukuta wake una urefu wa mita 260.5 kwenda juu, ni miongoni mwa mirefu kabisa duniani, na umejengwa juu ya Bhagirathi yenyewe. Mji wa kale wa Tehri uko chini ya ziwa lake. Kwa hiyo ule mkono unaoaminiwa kuwa mtakatifu zaidi ndio uliofungwa kwa ukuta mkubwa zaidi, na maji yake hufika Devprayag kwa ratiba ya mitambo ya umeme. Upande wa Alaknanda nako kuna miradi mingi, na milima ile haisamehe. Mnamo Juni 2013 mafuriko yaliyoanzia juu ya mji wa hija wa Kedarnath yaliua maelfu ya watu, na tarehe 7 Februari 2021 mporomoko wa mwamba na barafu katika wilaya ya Chamoli ulizaa gharika iliyofagia mitambo miwili ya umeme. Zaidi ya watu 200 walikufa au hawakuonekana tena, wengi wao wakiwa vibarua kazini.

Mto hushuka kutoka mita 4,000 hadi kama mita 300 katika kilomita 250 za mwanzo tu, kisha huingia tambarare katika mji wa Haridwar. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu sidhani kama kuna mahali pengine kwenye safari nzima panapoonyesha wazi hivi namna maji na ibada vinavyoachana.

Baada ya njaa kali ya miaka ya 1837 na 1838, iliyoua mamia ya maelfu ya watu kaskazini mwa India, mhandisi Mwingereza Proby Cautley alipewa kazi ya kuchimba mfereji mkubwa wa umwagiliaji kutoka Haridwar. Makuhani wa mji walipinga, wakisema maji ya Ganga hayafungwi. Cautley aliacha mwanya kwenye ukuta ili maji yaendelee kupita, akaahidi kuzikarabati ngazi za kuogea, na kazi ilipozinduliwa ilianza kwa ibada ya mungu Ganesh. Mfereji ulifunguliwa mwaka 1854. Wahandisi walipotaka kuongeza udhibiti wa maji mwanzoni mwa karne iliyofuata, mwanasiasa Mhindu Madan Mohan Malaviya aliongoza upinzani, na mwaka 1916 serikali ya kikoloni ilikubali kwa maandishi kwamba mkondo usiokatizwa utaendelea kufika kwenye ngazi za ibada.

Ngazi hizo ni za Har Ki Pauri, mahali maarufu kuliko pote Haridwar, ambapo kila jioni maelfu ya watu hukusanyika kuwasha taa na kuimba. Maji yanayopita hapo hupitishwa kwenye mkondo unaodhibitiwa na milango ya banio, yaani ukuta wa kuzuia na kugawa maji ya mto, kabla ya kuelekea mferejini, ilhali kitanda cha asili cha mto kiko upande mwingine, kipana, kimejaa mawe, na wakati wa kiangazi kina maji machache. Mwaka 2016 serikali ya jimbo ilitoa amri ikiutaja mkondo wa Har Ki Pauri kuwa ni njia ya kutolea maji ya mfereji, na sababu yake haikuwa ya kitheolojia hata kidogo: ujenzi karibu na kingo za Ganga ulikuwa umepigwa marufuku, na kama ule si mto, basi majengo yangesalimika. Makuhani walilalamika kwa miaka minne, na mwaka 2020 amri ikafutwa. Sijui nchi nyingine ambako mto ulivuliwa cheo kwa karatasi ukarudishiwa kwa karatasi.

Na kila mwaka, kati ya sikukuu za Dussehra na Diwali, milango ya banio hufungwa ili mfereji usafishwe. Maji ya Har Ki Pauri hupungua mpaka kitanda huonekana, na watu maskini wa mji huingia na mabakuli, nyavu na hata sumaku zilizofungwa kwenye kamba, wakipekua mawe kutafuta sarafu ambazo mahujaji walizitupa mwaka mzima kama sadaka. Wengine hubahatika kupata kipande cha fedha au dhahabu kilichoshuka pamoja na majivu ya mtu.

Haridwar ndiko wanakokaa pia makuhani wanaotunza daftari za koo, vitabu virefu vyembamba ambamo hujaji huandikiwa jina, kijiji na waliotangulia katika ukoo wake. Hapa ndipo habari hii inapotugusa sisi wa Afrika Mashariki, maana zipo familia za Wahindu wa Mombasa, Nairobi na Dar es Salaam ambazo hupeleka majivu ya wazee wao huko. Safari imewahi pia kwenda upande wa pili. Sehemu kubwa ya majivu ya Mahatma Gandhi ilitiwa kwenye makutano ya Ganga na Yamuna mwezi Februari 1948, na mwaka huohuo sehemu nyingine ilitiwa kwenye Mto Nile pale Jinja, Uganda, ambako leo kuna kumbukumbu yake. Kwa Mhindu hilo halina mgongano, kwa kuwa mto wowote unaweza kuombewa uwe Ganga kwa muda wa ibada.

Heshima ya maji haya haikuwa ya Wahindu peke yao. Ibn Battuta, msafiri yuleyule aliyepita Mombasa na Kilwa mwaka 1331, aliandika baadaye akiwa India kwamba Sultani Muhammad bin Tughluq, mtawala Mwislamu, alikuwa akipelekewa maji ya kunywa kutoka Ganga hadi Daulatabad, mwendo wa siku 40. Mfalme Akbar naye, katika karne ya 16, alikunywa maji hayo akiwa nyumbani na akiwa safarini.

Chini ya Haridwar mto huendelea kupunguzwa. Huko Narora kuna banio lingine, linalolisha mfereji wa chini uliofunguliwa mwaka 1878. Maji yanayobaki hupita Kanpur, mji wa mamia ya viwanda vya ngozi ambavyo maji yake yana kromiamu, kemikali ya kutengenezea ngozi, na hapo mto hupokea majitaka wakati ambapo hauna tena wingi wa maji wa kuyabeba. Mimi naona mjadala wa usafi wa Ganga umetawaliwa mno na kile kinachotiwa mtoni, na haukusema vya kutosha kuhusu kile kinachotolewa. Mhandisi G. D. Agarwal, aliyekuwa profesa kabla ya kuwa mtawa, aliliona hilo kuliko wengi. Mwaka 2018 alifunga chakula mjini Haridwar akidai sheria ya kulinda mtiririko wa mto, na alifariki tarehe 11 Oktoba baada ya siku 111 za mfungo.

Tunafika Prayagraj, mji uliojulikana kama Allahabad hadi mwaka 2018. Hapa Ganga hukutana na Yamuna, na waumini huongeza mto wa tatu, Saraswati, usioonekana kwa macho. Hapa ni miongoni mwa mahali panapofanyika Kumbh Mela, mkusanyiko mkubwa wa mahujaji ambao hapana mwingine wa kulinganishwa nao. Ule wa mwaka 2025 ulianza tarehe 13 Januari na kumalizika tarehe 26 Februari, na alfajiri ya tarehe 29 Januari msongamano wa watu waliokuwa wakiwania kuingia majini uliua watu wasiopungua 30 kwa hesabu ya serikali.

Ukiyapima maji ya makutano hayo utashangaa. Yamuna ndiyo inayoleta zaidi ya nusu ya maji, ingawa mto unaoendelea mbele unaitwa Ganga. Na Yamuna yenyewe imekwisha kunyonywa karibu yote juu ya Delhi, kwenye banio la Hathnikund, hivi kwamba wakati wa kiangazi kinachotoka Delhi ni majitaka zaidi kuliko mto. Kinachoifufua ni Chambal, unaoingia katika wilaya ya Etawah. Chambal ni mto ambao simulizi za kale huuhusisha na damu na ngozi za wanyama wa kafara za Mfalme Rantideva, na watu wa kandokando wameuhesabu kuwa mto wa laana. Hauna miji mitakatifu ya kulinganishwa na ile ya Ganga, wala mahujaji wengi. Kwa sababu hiyo, na kwa sababu ya makorongo na majambazi walioifanya nchi ile isikalike, umebaki miongoni mwa mito safi ya India, na ndani yake wamo mamba wa gharial wenye mdomo mwembamba ambao karibu watoweke kwingineko. Hujaji anayeoga Prayagraj mwezi Januari, kwa hiyo, anajitakasa kwa kiasi kikubwa ndani ya maji ya mto uliolaaniwa. Nimewahi kuwaambia wanafunzi wangu kwamba hili lingetosha kuwa mada ya tasnifu, na hakuna aliyenichukulia kwa uzito.

Varanasi nitaipita haraka kuliko inavyostahili, maana ndiyo inayojulikana zaidi: seti 84 za ngazi za kuogea zinazotazama mawio ya jua mahali ambapo mto hugeuka kuelekea kaskazini, na moto wa Manikarnika, mahali pa kuchomea maiti, unaowaka usiku na mchana ukitunzwa na jamii ya Wadom. Nitamtaja mtu mmoja tu, Veer Bhadra Mishra, aliyefariki mwaka 2013. Alikuwa kuhani mkuu wa hekalu la Sankat Mochan na wakati huohuo profesa wa uhandisi wa maji. Aliingia mtoni kuoga kama dini yake inavyomtaka, na maabara aliyoianzisha ilihesabu bakteria wa kinyesi katika maji hayohayo. Serikali ilizindua mpango wake wa kwanza wa kuusafisha mto mjini humo mwaka 1986, na yeye akawa mkosoaji wake mkubwa, kwa kuwa mitambo iliyojengwa ilitegemea pampu za umeme, na umeme ulipokatika majitaka yaliingia mtoni kama kawaida. Mpango wa sasa, Namami Gange, ulianza mwaka 2014 kwa bajeti ya rupia bilioni 200.

Chini ya Varanasi mto hupona, na dawa yake inatoka Nepal. Ghaghara, Gandak na Kosi huingia mmoja baada ya mwingine kutoka kaskazini, na wakati wa kiangazi mito hiyo ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya maji yanayofika Bengali. Tambarare ya Bihar imelala kabisa; mji wa Patna, ambao bado uko mamia ya kilomita kutoka baharini, uko kama mita 50 tu juu ya usawa wa bahari. Kosi huleta mchanga mwingi kiasi kwamba katika miaka 250 ilihama zaidi ya kilomita 100 kuelekea magharibi, na ilipobomoa tuta lake mnamo Agosti 2008 ilirudi kwenye njia ya zamani juu ya mashamba na nyumba za watu. Katika maji haya ya tope huishi pomboo wa Ganga, asiye na lenzi machoni, anayewinda kwa sauti huku akiogelea kwa ubavu.

Halafu kuna Farakka, kilomita chache kabla ya mpaka wa Bangladesh, ambako mto hugawanyika kwa namna iliyo na uzito wa kisiasa. Karne nyingi zilizopita mkondo mkuu ulielekea kusini kupitia mkono ambao juu huitwa Bhagirathi, jina lilelile la mto wa mlimani, na chini huitwa Hooghly, penye Kolkata ya leo. Kati ya karne ya 12 na ya 16 ulihama polepole kuelekea mashariki, ukawa Padma. Maji yalihama, dini haikuhama. Mpaka sasa ni mkono wa magharibi unaohesabiwa kuwa Ganga wa ibada, nao ulikuwa ukijaa mchanga mpaka bandari ya Kolkata ikahofiwa kufa. India ikajenga banio la Farakka, lililoanza kazi mwaka 1975, pamoja na mfereji wa kilomita 38 wa kusukuma maji upande wa Hooghly. Bangladesh ililalamika kwamba mashamba na mikoko yake inakosa maji matamu, na mwaka 1976 mwanasiasa wa Bangladesh Maulana Bhashani aliongoza maandamano marefu ya miguu kuelekea mpakani. Mkataba wa kugawana maji ya miezi ya Januari hadi Mei ulitiwa saini tarehe 12 Desemba 1996 kwa muda wa miaka 30.

Padma huungana na Jamuna, jina wanaloliita Brahmaputra huko, karibu na Goalundo, kisha na Meghna karibu na Chandpur, na mto unaoingia baharini hapo ni mpana kiasi kwamba ng'ambo haionekani. Pamoja mito hiyo hubeba mashapo yanayokadiriwa kufikia tani bilioni moja kwa mwaka. Wavuvi wake huishi kwa samaki wa ilish, anayepanda kutoka baharini kwenda kutaga.

Hujaji hafuati njia hiyo. Yeye hufuata Hooghly, na aliye mkali wa mapokeo atakuambia kwamba hata Hooghly si yenyewe, kwamba njia halisi ni Adi Ganga, Ganga wa asili, mkono uliopita mbele ya hekalu la Kalighat ndani ya Kolkata. Mkono huo afisa Mwingereza William Tolly aliuchimbua upya miaka ya 1770 ili mashua zipite. Leo ni mtaro mweusi, na nguzo za reli ya mji zimesimikwa katikati ya kitanda chake. Kutoka Gaumukh hadi bahari, huu ndio mwembamba na mchafu kuliko mikono yote ya mto, na ndio wenye dai kubwa kuliko yote la kuwa Ganga.

Mwisho wa safari ni Kisiwa cha Sagar, penye hekalu la Kapila, yule mtawa aliyewateketeza wana wa mfalme. Katikati ya Januari mahujaji huvuka Mto Muriganga kwa feri kutoka Kakdwip, huoga mahali mto unapokutana na bahari, na kusema kwamba mahali pengine patakatifu huendewa mara nyingi, Gangasagar huendewa mara moja. Msemo huo ulitokana na hatari ya njia, wakati ambapo mashua zilizama na chui milia walikuwa msituni. Hatari ya sasa ni nyingine. Hekalu limejengwa upya mara kadhaa kwa sababu bahari iliyameza yaliyotangulia, na lililopo, la miaka ya 1970, liko ufukweni ambako mmomonyoko unaendelea. Kisiwa jirani cha Ghoramara kimepoteza sehemu kubwa ya ardhi yake, na baadhi ya watu wake wamehamishiwa Sagar, kisiwa ambacho nacho kinaliwa.

Mkataba wa Farakka unafikia ukomo wake mwezi Desemba 2026. Serikali za India na Bangladesh zinagawana maji yanayofika kwenye banio, yaani yale yanayosalia baada ya Haridwar, Narora na Hathnikund kuchukua yao, na Nepal, inayotoa sehemu kubwa ya maji hayo, si mwanachama wa mkataba. Kwa maoni yangu mkataba mpya usioanzia juu zaidi ya Farakka utagawa kilichopungua.

Mheshimiwa Mwenyekiti, nakushukuru kwa nafasi hii, na niko tayari kwa maswali.